Mtu wa Wizara na Mistari ya Bila

Kijijini kwetu Naipingo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mtu wa Wizara. Ukitaja jina lililo kwenye kadi yake ya kupigia kura, hata jirani aliyepakana naye uani angekuna kichwa kwanza. Wizara yenyewe iko Dodoma, na yeye Dodoma hajawahi kufika. Hakuwa mwajiriwa, hakuwa na mshahara, hakuwa na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Alikuwa na barua moja yenye nembo ya taifa, aliyoitia ndani ya mfuko wa nailoni na kuichomeka kwenye boriti juu ya kitanda. Kwa barua hiyo moja kijiji kizima kikampandisha cheo.

Nilipakana naye miaka kumi na moja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha sayansi, na si mtu wa Kusini. Nililetwa na uhamisho kutoka Singida nikidhani nitakaa miaka miwili kisha niombe kuondoka. Sitaeleza yeye alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Wapo waliosema alivuka Ruvuma akiwa mgongoni kwa mama yake, na wapo walioapa kuwa ni Mmwera wa palepale. Nilipomuuliza mwenyewe alinijibu, "Andika mkulima, Mwalimu. Inatosha." Basi nami naandika mkulima.

Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea, na kosa lenyewe nimelibeba peke yangu mpaka bega limechubuka.

Tuanze na hiyo Wizara. Watu wetu wakisikia neno wizara wanafikiria kitu kinachogawa. Kwa hiyo pampu ya kisima ikiharibika, walikwenda kwake. Mtoto akifeli kidato cha nne, mama alikwenda kwake na kuku mkononi. Mzee mmoja alimpelekea malalamiko ya nguruwe pori wanaokula mihogo, akataka yaandikwe yapelekwe juu. Yeye aliwasikiliza wote, akawakaribisha kigoda, kisha akawaambia maneno yaleyale: "Wizara yangu ni ya sayansi. Hiyo haigawi kitu, hiyo inauliza." Wakiondoka walisema anaringa. Vijana waliorudi kutoka Dar na simu zao hawakuwa na huruma hata kidogo. "Oya babu, Wizara imejibu? Au wamekuachia tiki za bluu?" Alicheka nao. Hakujua tiki za bluu ni nini, ila alijua anataniwa, na utani ulikuwa haumuumizi.

Kilichomuumiza ni uvivu wa kuangalia. Ukimwambia mvua mwaka huu ni ndogo, alikuuliza ndogo kuliko lini, na uliipimaje. Ukimwambia mikorosho ya fulani imeugua, aliuliza mingapi kati ya mingapi. Watu walimwona msumbufu. Msibani, mtu akilalamika kwamba siku hizi vifo vimezidi, alifungua kinywa kuuliza, mkewe akamfinya paja.

Aliandika kwa penseli tu. Kalamu ya wino aliiogopa kama nyoka, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya asubuhi, wakati majani yana umande, na tone moja la umande likiangukia wino basi namba ya jana imekwenda. Penseli aliichonga kwa kisu cha kubangulia korosho. Aliandika kwenye kaunta buku jeusi lenye mgongo mwekundu, na akikosea hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lionekane, kisha akaandika sahihi pembeni. "Mti hausemi uongo, Mwalimu," aliniambia. "Anayeweza kusema uongo ni penseli. Ndiyo maana sina ufutio."

Nisije nikamfanya malaika. Kwa miti alikuwa na subira ya ajabu, kwa binadamu haikutosha. Vibati vya namba alivyovining'iniza kwenye mikorosho yake, kabla hata ya ile barua, alivikata kutoka kwenye bati jipya lililonunuliwa kuezekea jiko, na mkewe akapikia chini ya nyasi zinazovuja masika mawili mfululizo. Nilimwambia hilo ni jambo la aibu. Akasema ni kweli, na akaendelea kukata. Tena mtu huyo aliyehesabu kila kishada cha ua hakukubali kabisa kutaja idadi ya watoto wake. Karani wa sensa alipofika kwake alisumbuliwa saa nzima. "Watoto hawahesabiwi kwa mdomo," alisema. "Waite, waje, uwahesabu mwenyewe kwa macho yako." Karani akawaita, wakaja, akawahesabu, na mzee akageuza uso pembeni mpaka alipomaliza.

Mkewe alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye kifua kibovu. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyepuliza salfa kwenye mikorosho yao. Kwa asiyejua kwetu, mkorosho ukianza kutoa maua, mwezi wa sita na wa saba, ugonjwa uitwao ubwiri unga huyavamia maua, ukayafunika kama yaliyonyunyiziwa majivu, halafu yakawa meusi na kukauka, na ua likikauka hakuna korosho. Dawa tuliyoizoea ni salfa, unga wa manjano unaopulizwa alfajiri kwa mashine ya mgongoni. Mashine inanguruma, wingu la manjano linapanda mpaka juu ya mti, na nusu yake inarudi kwa aliyeibeba. Mama yule alijifunga kanga yake puani, kanga moja ya rangi ya damu ya mzee yenye maua meupe, akaamini imemkinga. Hospitali haikusema kwamba kilichoharibu kifua chake ni salfa. Mumewe ndiye aliyesema, na alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuwa amepima.

Ni huyo mama aliyeuona ule mti. Nyuma ya jiko lao kulikuwa na mkorosho ulioota wenyewe, na tangu kifua kilipomzidi hakuna aliyeupulizia. Msimu ukapita, wa pili ukapita. Mikorosho mingine iliyokosa salfa ilikuwa ya kijivu, ila ule wa jikoni ulitoa maua safi ukazaa hadi matawi yakagusa chini. Akamwita mumewe. "Njoo uangalie mti wako mvivu, hautaki dawa." Aliyasema hayo akiwa ameketi, kwa sababu kusimama kulikuwa kunamchosha. Hakuumaliza mwaka ule. Tulimzika upande wa mashariki wa shamba, na wiki iliyofuata Mtu wa Wizara, ambaye bado hakuwa wa Wizara, alianza kuchukua vikonyo vya mti wa jikoni na kuvibebesha kwenye miche, yaani kuviunganisha ili miche ikue na asili ya mti ule.

Redio ndiyo iliyomwunganisha na Dodoma. Ilitangazwa kwamba Wizara ya sayansi inataka watu wa vijijini wenye ugunduzi wao waandike. Akaandika, kwa penseli, kurasa tatu, nami nikamsaidia kwenye herufi kubwa na nukta. Tulicheka sana siku ile. Sikufikiria kwamba kuna mtu atasoma. Baada ya miezi mingi mtendaji wa kata alileta ile barua yenye nembo, na nyuma yake akaja afisa, kijana wa miwani, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikagua miche, akasema maneno yaliyomfanya mzee asilale: kama mti huu kweli hauhitaji salfa, ni jambo kubwa, lakini mti mmoja nyuma ya jiko hauthibitishi kitu. Unatakiwa ushahidi wa misimu mitatu ya maua, mfululizo, bila kukatika.

Wakapanga mistari minne, yenye mikorosho kumi na miwili kila mmoja, na kati ya mstari na mstari uwazi mpana. Miwili ilikuwa ya watoto wa mti wa jikoni, miwili ya mikorosho ya kawaida. Katika kila aina, mstari mmoja ulipulizwa salfa na mmoja haukupulizwa. Ile isiyopulizwa aliiita mistari ya bila. Miche ilipokua ikaanza kutoa maua, akatengeneza fremu ya mbao ya mraba, kila Jumatatu na Alhamisi akaiegemeza kwenye mti, akahesabu vishada vilivyo ndani yake, vizima vingapi, vigonjwa vingapi. Mistari ya bila ilikuwa kama usiku na mchana. Huku mikorosho ya kawaida imeoza maua, kule watoto wa jikoni wamesimama safi. Msimu wa kwanza hivyo. Msimu wa pili hivyo.

Nilimwalika darasani siku moja. Nilikuwa nafundisha darasa la tano lile jaribio tunalolijua sote, maharage mawili kwenye makopo, moja dirishani na moja kabatini gizani. Alisimama mbele ya watoto akashika kopo la gizani, mche umepauka, umelegea kama uzi. Akauliza, "Huu una kosa gani?" Watoto wakasema umekosa jua. "Kosa gani alilofanya?" Mmoja akachungulia ndani ya kopo. "Hana kosa," akasema. "Ila bila huyu, hamtajua kitu kuhusu yule wa dirishani. Msije mkamwonea huruma mkamtoa kabatini." Watoto walicheka. Nilicheka nami, nikaandika ubaoni: mche wa kulinganishia. Nataka ijulikane kwamba niliandika kwa mkono wangu.

Msimu wa tatu, maua yakiwa ndiyo kwanza yanachomoza, ngiri ya tumbo ilimshika. Ilimkaba ghafla, akapelekwa Nachingwea mjini kwenye bodaboda amekunjamana, akapasuliwa siku hiyohiyo. Alilazwa wiki tatu. Kabla ya kuondoka, akiwa analia kwa maumivu, alimwomba binti yake amhesabie Jumatatu na Alhamisi. Binti alikuwa na kichanga, akahesabu mara moja tu.

Naipingo kuna desturi, na ni desturi nzuri, sitaitukana. Mtu akilazwa, kazi yake ya shamba hailazwi. Majirani wanaamka, wanalima au wanavuna au wanapuliza, kila mtu analeta alichonacho, ili mgonjwa akirudi asikute ameachwa nyuma na msimu. Hawaulizwi, hawalipwi, na mgonjwa hatakiwi kutoa hata chai. Mama Zuhura, kiongozi wa akina mama wa kuzikana, ndiye aliyepitisha neno. Alikuja kwangu jioni na ndoo kichwani.

"Mwalimu, mwenzetu kachanwa tumbo yuko kitandani, na miti yake mistari miwili inaoza maua mbele ya macho yetu. Akirudi atasema nimeishi na majirani gani?"

"Ile mistari, Mama Zuhura, nadhani haipuliziwi," nikasema.

"Haipuliziwi kwa sababu hana salfa ya kutosha. Mwanaume atakwambia hana? Anasema ni mambo ya Wizara, anaficha aibu." Akatua ndoo. "Kesho alfajiri. Wema hauozi."

Ningeweza kusema. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na makopo mawili ya maharage, nilikuwa na chaki. Lakini mume wangu alipofariki, ni Mama Zuhura huyohuyo aliyelala sakafuni kwangu mpaka arobaini, akanipikia uji, akanisugua mgongo nilipokuwa siwezi kuinuka. Mimi mtu wa kuja, ningemwambia nini mwanamke huyo? Kwamba wema wake unaharibu? Tena kesho, mbele ya watu ishirini? Nilikwenda kulala nikijiambia asubuhi nitapata namna ya kusema.

Asubuhi nilikuta wameshafika. Watu walikuwa na furaha, kama inavyokuwa kazi ya pamoja, utani juu ya utani, mashine mbili za kuazima zinanguruma, salfa ya kuchangishana mifuko na vifurushi, mwingine ameleta kikombe kimoja tu kutoka kwenye akiba ya watoto wake. Mama Zuhura akanipa mfuko. "Mwalimu, wewe mgawaji, hujui kubeba mashine." Nikashika. Niligawa salfa mti kwa mti, mstari wa watoto wa jikoni na mstari wa kawaida, sambamba. Wingu la manjano likafunika maua yaliyohesabiwa misimu miwili. Nilikuwa najua ninachokifanya kila nilipochota.

Tulipofika kwenye namba kumi na mbili, miti miwili ya mwisho, nilisema salfa imekwisha.

Ilikuwa haijaisha. Upepo ulikuwa unatoka upande ule wa mwisho, kwa hiyo wingu lilikuwa linakwenda mbali na ile miti miwili, na hilo nililiangalia makusudi. Wenzangu wakasema basi, Mungu atajalia, hiyo miwili siyo neno. Wakaenda kunywa uji. Mimi nikaipitisha mifuko iliyobaki nyuma ya shule, nikaimwaga kwenye shimo la choo. Ndio ulikuwa ushujaa wangu wote, mwalimu wa sayansi mwenye cheti ukutani.

Alirudi anatembea kwa fimbo. Nusu ya kijiji ilimsindikiza shambani ili aone. Nilikuwepo. Alisimama kwenye mistari ya bila, akanyoosha mkono, akashika kishada, akasugua jani kwa kidole gumba, akakiangalia kidole. Maua ya mikorosho ya kawaida yalikuwa safi, yamejaa nyuki. Akakipangusa kidole kwenye shati. Kisha akageuka kwa wale watu, akatabasamu.

"Asanteni sana, ndugu zangu. Mungu awalipe."

Mama Zuhura akapiga vigelegele. Mzee akawashukuru mmoja mmoja, aliyeleta mfuko na aliyeleta kikombe. Mimi pia alinishukuru. Usiku sikula. Nilitamani anitukane.

Wiki ile afisa wa miwani alifika kukagua. Gari nililiona kutoka darasani. Mzee angeweza kunyamaza, na hilo nililijua, kwa sababu anayesoma kaunta buku anasoma kilichoandikwa. Aliandika hivi, nilikuja kuona baadaye: "Mistari ya bila imepulizwa salfa na majirani, mimi nikiwa hospitali. Hesabu za msimu huu hazifai." Hakuweka jina la mtu.

Siku hiyohiyo, saa tano, alikuja shuleni. Alisimama nje ya dirisha langu, fimbo mkononi, shati limeloa jasho. Watoto wakasimama wakamsalimu kwa pamoja, akaitikia. Nikamsogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nimepita tu." Akaangalia ubao. "Mwalimu, huna neno?"

"Sina neno, mzee wangu. Pole na kidonda."

"Huna kabisa?"

"Kabisa, mzee."

"Haya," akasema. "Kama huna, huna." Akashika njia ya kurudi, polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache. Nilidhani amekuja kutafuta wa kumliwaza. Nilirudi ubaoni.

Barua ya pili ya Wizara ilikuja bila mbwembwe. Msimu wa tatu haukukubalika, utaratibu ni misimu mitatu mfululizo, na orodha ya waombaji wa kipindi kile imefungwa. Anashukuriwa kwa juhudi zake. Sikuweza kuilaumu Wizara, nami nafundisha watoto kwamba jaribio lililoingiliwa si jaribio. Barua hiyo hakuichomeka kwenye boriti. Aliikunja akaitia ndani ya kaunta buku, kwenye ukurasa wa msimu ule.

Mwaka uliofuata alihesabu tena peke yake, bila mtu kumwagiza. Kiangazi kilichofuata jirani wa upande wa chini alichoma shamba lake kuandaa ufuta, upepo ukageuka, moto ukapanda. Mistari yote minne iliungua mchana mmoja, na moto haukuishia hapo, ulifika jikoni. Ule mti wa mkewe ulibaki shina jeusi. Walikuja watu wale wale na matawi mabichi kuuzima, Mama Zuhura mbele, miguu mitupu, akaungua nyayo. Mimi nilikuwa tayari nina barua ya uhamisho wa kwenda Malolo, Ruangwa. Niliiomba mwenyewe.

Miaka sita ikapita. Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikwenda Nanganga kusahihisha mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Tulilala shuleni. Alfajiri nikatoka kunyoosha miguu, nikasikia mashine za salfa, nikafuata sauti mpaka kwenye shamba kubwa la tajiri mmoja. Vibarua wa kupuliza walikuwa wamepumzika kando ya barabara wakijaza mashine mafuta. Vijana wanne, na mzee mmoja. Mzee alikuwa wa manjano tangu kope mpaka kucha. Puani amejifunga kanga iliyochakaa, rangi ya damu ya mzee. Nilianza kwa kuitambua ile kanga.

Akaishusha. "Mwalimu."

Nikamwamkia, nikakaa chini kando yake. Alikohoa kwanza, kikohozi kirefu kinachotoka mbali, nilichowahi kukisikia kwenye jiko linalovuja. Nikamuuliza kwa nini yeye, katika watu wote, anabeba salfa. Akasema shamba limeungua na mtu lazima ale. Nikamuuliza kama bado anaandika. Akavuta mkoba, akatoa kaunta buku lile lile, limefungwa nailoni. "Naandika mvua. Naandika upepo. Mkono ukizoea hauachi."

Nikaona nikiondoka pale bila kusema sitasema tena maishani.

"Mzee, ile siku ya salfa nilikuwepo. Mimi ndiye niliyegawa. Na nilikuwa najua."

"Najua ulijua."

"Nani alikwambia?"

"Miti miwili ya mwisho haikuwa na unga. Namba kumi na mbili huku, namba kumi na mbili kule. Wa kawaida maua yameoza yote, wa jikoni safi." Alisema polepole, akivuta pumzi kati ya maneno. "Mama Zuhura haachi kazi miti miwili, yule unamjua. Nikasema aliyeiacha ni mtu anayejua maana ya bila. Kijiji kizima alikuwa mmoja."

"Sasa mbona hukunitaja?"

Akaangalia barabara. "Yule kijana wa Wizara alikuwa mwema. Aliniambia, mzee, akipatikana mtu aliyekuwepo, akaandika kwa mkono wake miti ipi imepulizwa na ipi imeachwa, siku gani, kiasi gani, nitakuombea msimu mmoja wa nyongeza. Nikamwambia yupo. Akakaa kwenye gari kusubiri. Nikaja dirishani kwako."

Nilifunika uso kwa mikono. Nilisikia vijana wakicheka jambo lao upande wa pili wa barabara.

"Ungeniambia, mzee," nikasema. "Ungesema tu kwamba Wizara inataka hivi. Ningeandika palepale, haki ya Mungu."

"Ningekwambia cha kuandika, yangekuwa maneno yangu. Wizara ilitaka ya aliyeona." Akakohoa tena. "Nilikuuliza mara mbili, Mwalimu."

Alifungua kaunta buku. Kulikuwa na ukurasa mmoja mtupu mwishoni mwa msimu ule, kando yake ile barua ya pili iliyokunjwa imeacha alama ya kutu ya pini. Akanipa penseli. "Andika."

"Itasaidia nini sasa? Miti imeungua. Mti wa mama umeungua."

"Haisaidii. Sipendi ukurasa mtupu katikati."

Nikaandika. Niliandika siku, niliandika kwamba miti ya bila ya namba moja mpaka kumi na moja, mistari yote miwili, ilipulizwa salfa alfajiri na majirani. Niliandika kwamba namba kumi na mbili zote mbili ziliachwa, na aliyeziacha ni mimi, na upepo ulitoka upande gani. Niliweka jina langu kamili na saini. Nilikosea herufi, nikapiga mstari mmoja juu yake kama alivyokuwa akifanya yeye.

Akalishika buku mbali na macho, akasoma kila neno, midomo ikicheza. Akaweka kidole chenye unga wa manjano pembeni ya mstari wa tatu.

"Hapa. Kiasi gani?"

"Kiasi gani nini, mzee?"

"Salfa. Kila mti ulipata kiasi gani?"

Nikakumbuka mifuko, vifurushi, kile kikombe kimoja, na shimo la choo nyuma ya shule. "Sijui," nikasema. "Sikupima. Na nyingine niliimwaga."

"Basi andika hujui."

Nikaandika: sijui. Alipuliza unga uliodondokea ukurasa, akafunga buku, akalirudisha kwenye nailoni. Kijana mmoja alikuwa ameshawasha mashine, anamwita. Mzee akapandisha kanga ya mkewe puani, akainama abebeshwe, akarudi kwenye mikorosho ya watu.